Nikiingia kwenye akaunti yangu kwa Tor, je, nimejificha?

Swali: Salaam mtaalamu. Ni mhasibu katika shirika kubwa, na kwa miaka miwili nimekuwa nikikusanya ushahidi wa fedha zinazopotea hapa kazini. Nina akaunti ya barua pepe ninayoitumia kuwasiliana na mwandishi wa habari mmoja, na akaunti ya mtandao wa kijamii isiyo na jina langu, ambako wenzangu walioacha kazi hunitumia nyaraka. Zote mbili nilizifungua kwa simu yangu ya kila siku. Sasa nimeanza kuogopa. Nimesoma kuhusu Tor, Tails, Whonix na Qubes hadi nimechanganyikiwa. Nikianza leo kuingia kwenye akaunti hizi kwa Tor, nitakuwa nimejificha? Na kati ya mifumo hiyo nichague upi? Rafiki yangu anasema VPN inatosha.

Jibu: Ndugu yangu, pole kwa mzigo huo ulioubeba kimya kimya. Nianze na swali lako la kwanza, kwa kuwa ndilo lililobeba mengine yote, na jibu lake ni hapana. Tor, mtandao unaopitisha mawasiliano yako kwenye vituo kadhaa, itaficha mahali ulipo kuanzia leo, lakini haitafuta kile ambacho akaunti hizo zinakijua tayari. Zilizaliwa kwenye simu yako. Siku ulipozifungua, kampuni zinazoziendesha ziliandika anwani yako ya IP (namba inayokitambulisha kifaa chako mtandaoni), aina ya simu, saa, na huenda namba yako ya simu pia. Kila uliporudi, ziliandika tena. Leo ukiingia kwa Tor, kinachoongezeka kwenye daftari lao ni mstari mmoja unaosema kwamba mtu yule yule safari hii ametokea mahali pasipojulikana. Mistari ya juu yake ipo pale pale. Maji yakimwagika hayazoleki, na kwa akaunti hizi mbili maji yalishamwagika.

Sisemi hivi kukukatisha tamaa. Nasema kwa sababu watu wengi wanaoniandikia hudhani kujificha ni kitu unachokivaa unapoketi mbele ya kompyuta na kukivua ukimaliza. Kwa akaunti, sivyo. Akaunti inaishi, na inakumbuka. Kama imefichika, imefichika tangu dakika ilipofunguliwa, na siku moja ya uzembe katikati ya miaka mitano inatosha kuifunua yote, ya nyuma na ya mbele. Ross Ulbricht, aliyeendesha soko la siri la Silk Road, alijificha nyuma ya Tor kwa zaidi ya miaka miwili. Wachunguzi walipomfikia, mojawapo ya nyuzi walizozivuta ni tangazo la mwaka 2011, ambamo alitumia jina la bandia lililowahi kulitangaza soko lile na kuweka anwani ya barua pepe yenye jina lake halisi. Kazi yako na yake ni mbingu na ardhi. Lakini uzi ule ungeweza kumvuta mtu yeyote.

Ili uone mpaka wa kinachowezekana, tuangalie Tor inafanya nini hasa. Wazo lake lilianza katikati ya miaka ya 1990 katika maabara ya utafiti ya Jeshi la Wanamaji la Marekani. Paul Syverson, Michael Reed na David Goldschlag walikuwa wakitafuta njia ya kutumia intaneti bila anayechungulia njiani kujua nani anazungumza na nani. Mwaka 2002 Syverson akiwa na Roger Dingledine na Nick Mathewson waliitoa programu yenyewe, na tangu 2006 inasimamiwa na shirika lisilo la faida liitwalo Tor Project. Mfano wao ni wa kitunguu. Mawasiliano yako hufungwa kwa maganda matatu ya usimbaji fiche, kisha hupitishwa kwenye vituo vitatu kati ya maelfu vinavyoendeshwa na watu wa kujitolea, kila kituo kikimenya ganda moja. Kituo cha kwanza kinajua unakotoka lakini hakijui uendako. Cha kati kinawajua majirani zake wawili tu. Cha mwisho kinaijua tovuti unayoiendea lakini hakikujui wewe.

Utaratibu huu umesimama vizuri kuliko watu wanavyodhani. Katika nyaraka za Shirika la Usalama wa Taifa la Marekani zilizochapishwa mwaka 2013, kulikuwa na wasilisho ambamo wataalamu wake walilalamika kwamba hawataweza kamwe kuwafichua watumiaji wote wa Tor wakati wote. Wanaweza mmoja mmoja, kwa jasho, na mara nyingi kwa kosa la mtumiaji mwenyewe.

Sasa tazama kinachobaki nje ya maganda. Ukifika kwenye tovuti ukaandika jina la akaunti na nywila, umejitambulisha kwa mdomo wako. Ni sawa na mtu aliyepita vichochoroni usiku kucha asionekane na yeyote, kisha akafika mlangoni na kupiga hodi kwa jina lake la ubatizo. Tor imefanya kazi yake yote, na bado aliye ndani anajua ni nani amekuja.

Jambo la pili lililo nje ya maganda ni kile kituo cha mwisho. Mwaka 2007 mtafiti wa usalama nchini Uswidi aliendesha vituo vitano vya kutokea, akasikiliza tu yaliyokuwa yakipita, kisha akachapisha nywila za akaunti 100 za barua pepe, nyingi zikiwa za balozi na ofisi za serikali. Hakuvunja chochote. Wenyewe walidhani Tor inasimba safari nzima hadi ndani ya seva ya barua, kumbe usimbaji wake unaishia kwenye kituo cha kutokea, na huduma walizotumia hazikuwa na usimbaji wao wenyewe. Siku hizi Kivinjari cha Tor hulazimisha HTTPS, yaani usimbaji kati yako na tovuti yenyewe, kila inapowezekana, kwa hiyo hatari hii imepungua sana. Lakini ukiona onyo kwamba cheti cha tovuti hakiaminiki, usibonyeze kuendelea hata kama una haraka. Funga, omba njia mpya, jaribu tena. Palipo na anwani ya .onion, yaani anwani ya ndani ya Tor, ya huduma unayoitumia, itumie hiyo, kwa sababu hapo mawasiliano hayatoki kabisa nje ya Tor na hakuna kituo cha kutokea cha kukusikiliza.

Rafiki yako anayesema VPN inatosha ana nia njema, ila amechanganya vitu viwili. VPN ni bomba moja kutoka kwako hadi kampuni moja. Mtoa huduma wako wa intaneti haoni tena unakokwenda, lakini kampuni hiyo inaona yote: ulipotoka, ulipokwenda na kadi uliyolipia. Umehamisha imani yako kutoka mfuko mmoja kwenda mwingine. Kwa kujikinga na mwenye waifai ya hotelini inafaa. Kwa mtu ambaye mwajiri wake anaweza kwenda mahakamani na wanasheria, haifai. Kuhusu amri za mahakama, kumbuka kilichotokea mwaka 2021: Proton Mail, kampuni ya barua pepe inayoheshimika kwa faragha, ililazimishwa kwa sheria za Uswisi kurekodi na kutoa anwani ya IP ya mwanaharakati mmoja wa mazingira nchini Ufaransa. Barua zake hazikufunguliwa. IP pekee ilitosha. Kampuni ile ile ina anwani yake ya .onion, na mtu aliyefungua na kuitumia akaunti kupitia hapo siku zote hana IP ya kutolewa. Ndiyo maana sikuombi uamini ahadi za kampuni yoyote, hata iliyo nzuri. Panga mambo ili siku ikilazimishwa kusema, isiwe na la kusema.

Kuna tukio jingine nataka ulikumbuke kila unapofungua kompyuta. Desemba 2013 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Harvard alituma vitisho vya uongo vya bomu kwa Tor na barua pepe ya muda, ili mtihani wake uahirishwe. Alitenda uhalifu na ilikuwa haki akamatwe, ila angalia alivyopatikana. Hakuna aliyegusa Tor. Wachunguzi waliangalia kumbukumbu za mtandao wa chuo na kuuliza nani alikuwa ametumia Tor saa zile. Wakamfikia, wakamhoji, akakiri. Tor inaficha unachofanya. Haifichi, kwa kawaida, kwamba unaitumia. Ukiwa katikati ya mamilioni, hilo si kitu. Ukiwa mmoja kati ya watu watatu kwenye mtandao wa ofisi, umejinyooshea kidole. Kwa hiyo usiwahi kutumia Tor kwenye mtandao wa kazini, wala kwenye laptopu ya kazini, wala kwenye simu waliyokupa. Hata nyumbani, kama kuwa mtumiaji wa Tor peke yake kunaweza kukuletea maswali, tumia madaraja: vituo vya kuingilia visivyotangazwa hadharani, ambavyo, kwa njia kama obfs4 au Snowflake, hufanya mawasiliano ya Tor yafanane na mengine.

Tuje kwenye mifumo endeshi. Watu hutumia siku nyingi kulinganisha Tails, Whonix na Qubes kana kwamba ni mashindano. Kila mmoja unajibu hofu tofauti.

Whonix ni mashine pepe mbili, yaani kompyuta mbili za kuigizwa na programu, ndani ya kompyuta yako: moja kazi yake ni kupita Tor tu, nyingine ndiyo unayofanyia kazi, na hii ya pili haina njia nyingine ya kutoka isipokuwa kupitia ile ya kwanza. Hata programu mbaya ikiingia kwenye mashine ya kazi, haiwezi kuijua IP yako kwa sababu mashine hiyo yenyewe haiijui. Ni ubunifu ninaoupenda sana. Lakini mashine hizo kwa kawaida hukaa ndani ya mfumo ulionao, na kama mfumo huo una mdudu wa kurekodi unachochapa, au diski yake ikichukuliwa, ukuta wa ndani haukusaidii.

Qubes, iliyoanzishwa na Joanna Rutkowska na wenzake mwaka 2010, imeugeuza mfumo mzima kuwa vyumba vilivyotengana. Kwa mtu anayefungua mafaili ya wageni kila siku kwa miaka, sijui kilicho bora zaidi. Inaweza pia kubeba Whonix ndani yake. Inahitaji kompyuta inayoendana nayo, RAM ya kutosha (wenyewe wanapendekeza GB 16), na wiki kadhaa za kujifunza. Mtu aliyechoka, mwenye hofu, anayejifunza usiku baada ya kazi, hukosea. Na Qubes inakaa kwenye diski. Atakayeifungua laptopu yako ataiona.

Kwako wewe, Tails, na siwazi mara mbili. Ni mfumo mzima unaokaa kwenye flashi ya GB 8 au zaidi, unawashwa kutoka hapo bila kugusa diski ya kompyuta, unapitisha kila kitu kwenye Tor, na ukizimwa husahau. Umekuwepo tangu 2009. Edward Snowden, aliyezivujisha zile nyaraka za shirika la Marekani, na waandishi waliofanya naye kazi mwaka 2013 waliutumia, na mwaka 2024 mradi wa Tails uliungana rasmi na Tor Project. Kinachonifanya niuchague kwa ajili yako ni usahaulifu ule, zaidi hata ya nguvu zake za kiufundi. Hatari yako kubwa ni mazoea: kufungua akaunti ya siri kwenye kivinjari ambamo ukurasa wa pembeni una jina lako. Tails inakulazimisha kuwasha upya, na kile kitendo cha kuchomeka flashi kinakukumbusha kwamba sasa wewe ni mtu mwingine.

Pakua Tails kutoka tovuti yao wenyewe na uhakiki faili kwa kitufe walichoweka pale kabla ya kuliandika kwenye flashi. Kama una mtu unayemwamini ambaye tayari anayo Tails, ni rahisi zaidi kuinakili kutoka kwake. Tumia laptopu yako binafsi, yenye RAM ya GB 3 kwenda juu. Haitakubali kwenye simu, wala kwenye kompyuta za Apple zenye chipu za M1 na zilizofuata. Na ujue haiwezi kukuokoa na kompyuta iliyoharibiwa chini kabisa, kwenye programu ya ubao mama, wala na kifaa cha kurekodi kibodi kilichochomekwa nyuma. Kompyuta za kukodi kwa saa, basi, hapana.

Ndani ya Tails kuna Hifadhi ya Kudumu, sehemu ya flashi iliyosimbwa ambamo utaweka vichache unavyotaka vibaki. Nywila yake ndiyo mlango wa kila kitu, kwa hiyo usiitunge kichwani. Chukua dadu na orodha ya maneno ya Diceware, yenye maneno 7,776, urushe hadi upate maneno 6 au 7, uyakariri. Mstari wa wimbo unaoupenda, aya ya kitabu kitakatifu, methali: hivyo vyote hujaribiwa na programu za kukisia kabla hujamaliza kunywa chai. Nywila nyingine zote zitengenezwe na kuhifadhiwa na programu ya kutunza nywila ambayo tayari imo ndani ya Tails. Usizijue hata wewe.

Jambo jingine ambalo maelekezo mengi huliruka: tumia kikao kimoja kwa kusudi moja. Akaunti ya kuongea na mwandishi, kikao chake. Akaunti ya kupokea nyaraka, kikao kingine. Kati yake, zima uwashe. Ukizifungua zote mbili kwa pamoja, hata ndani ya Tails, anayeangalia pande zote mbili anaweza kuziona zikiamka na kulala kwa dakika zile zile. Na kwenye Kivinjari cha Tor chenyewe, usiongeze viendelezi na usikipanue kikajaa skrini. Nguvu yake ni kwamba watumiaji wake wote wanafanana. Kila unachokibadilisha kinakutoa kwenye umati. Kiwango cha usalama kipandishe kutoka kile cha kawaida hadi cha kati. Cha juu kabisa huzima JavaScript, msimbo unaoziendesha kurasa nyingi, kila mahali, na tovuti nyingi za barua pepe zitakataa kufunguka.

Sasa kufungua akaunti mpya, mahali ambapo watu huchoka na kukosea. Utakutana na tovuti zinazokataa Tor, zinazokupa mafumbo ya picha yasiyokwisha, zinazodai namba ya simu. Usitoe namba yako, wala ya mkeo au mumeo, wala ya binamu. Namba ya mtu wa karibu ni namba yako kwa mchunguzi mwenye nusu saa ya nafasi. Usichukue njia ya mkato ya kuzima Tor “kidogo tu” ili usajili upite. Hapo ndipo akaunti inazaliwa na doa. Jaribu huduma nyingine, au jaribu kesho kwa njia mpya. Nimewahi kutumia jioni tatu kufungua akaunti moja, na sioni kwamba zilipotea.

Ikishafunguka, kabla ya jambo lolote, weka uthibitishaji wa hatua mbili na uhifadhi misimbo ya dharura. Sababu yake si wezi peke yao. Kwa Tor, leo utaonekana umetoka Ujerumani, baada ya muda Uholanzi, jioni Kanada, na mifumo ya kampuni itadhani umeibiwa akaunti. Mimi mwenyewe nilifungiwa na kampuni moja akaunti niliyoitumia kwa kazi ndefu kwa sababu hiyo, na njia pekee waliyonipa ya kurudi ilikuwa namba ya simu ambayo sikuwahi kuwapa. Nilipoteza barua za miezi minane. Msimbo wa hatua mbili mara nyingi huituliza mifumo hiyo. Ila usiiweke programu ya misimbo kwenye simu yako, ingawa ndivyo unavyoshauriwa kwa akaunti za kawaida. Programu hiyo yenyewe huzalisha misimbo bila kuhitaji mtandao, lakini kwenye orodha pataandikwa jina la akaunti yako ya siri, ndani ya kifaa chenye jina lako. Ile programu ya kutunza nywila inaweza kuizalisha misimbo ndani ya Tails. Ni kweli kwamba hapo nywila na msimbo vinalala chumba kimoja. Kwa hali yako, afadhali hivyo.

Tufike penye ugumu wenyewe: kuwahamisha watu. Kishawishi ni kutumia barua pepe ya zamani kumwandikia mwandishi, “anwani yangu mpya ni hii.” Ukifanya hivyo umefunga kamba kati ya akaunti chafu na safi, na kamba hiyo imehifadhiwa kwenye seva usizozimiliki. Njia bora ni mdomo kwa sikio, mkikutana bila simu. Kama haiwezekani, angalia kama chombo chake cha habari kina SecureDrop. Ni mfumo wa kupokea nyaraka kwa anwani ya .onion, ulioanza kama kazi ya Aaron Swartz na Kevin Poulsen, na sasa unatunzwa na Freedom of the Press Foundation. Unaingia kwa Tor, hufungui akaunti yoyote, unapewa maneno ya siri ya kurudia, na mnaanza ukurasa mpya kabisa. Wale wenzako wa zamani waambie mmoja mmoja, ana kwa ana. Na uwe tayari kuwapoteza wengine. Mzunguko wa watu wachache ni sehemu ya ulinzi wao pia.

Akaunti zile mbili za zamani usizifungue kamwe ndani ya Tails. Endelea kuzifungua pale pale ulipozoea, kwa mambo ya kawaida, zikipungua taratibu kama mtu aliyepoteza hamu. Kuzifuta ghafla hakufuti kumbukumbu za kampuni, na kunaweza kuonekana kama kuficha ushahidi. Kabla ya kufuta chochote, ongea na mwanasheria anayezijua sheria za kuwalinda watoa taarifa mahali ulipo. Mtafute huyo mapema, hata kabla ya Tails.

Nimeacha mwishoni kinachonitia hofu zaidi kuhusu barua yako, na hakimo kwenye mtandao. Unasema nyaraka zinatoka kazini. Mwaka 2017 Reality Winner, aliyekuwa akifanya kazi chini ya mkataba kwa Shirika la Usalama wa Taifa la Marekani, alichapa ripoti moja ya siri na kuituma kwa posta kwenye chombo cha habari. Chombo hicho kilipoionyesha serikali nakala ili kuihakiki, ilionekana karatasi ilikuwa imekunjwa, maana yake ilichapwa. Shirika likaangalia kumbukumbu zake: watu 6 walikuwa wameichapa. Kati ya kompyuta za hao 6, moja tu ilikuwa imewahi kuwasiliana na chombo kile kwa barua pepe. Hakuna Tor, wala Tails, wala Qubes ambayo ingemsaidia. Kwa hiyo jiulize, kwa kila waraka: ni wangapi wanaoweza kuufungua? Mfumo wa kazini unaandika nani aliufungua, aliuchapa, aliuchomekea flashi? Kama mnaoweza kuufikia ni wawili, usiupeleke, hata kama ndio mtamu kuliko yote. Mweleze mwandishi kilichomo na umwachie atafute njia yake ya kuupata.

Na kila faili lina maandishi yaliyojificha, yaitwayo metadata: jina la aliyeliandika, kompyuta, saa, na kwenye picha mara nyingi mahali palipopigwa. John McAfee, mwanzilishi wa kampuni ya programu za kuzuia virusi, alipokuwa mafichoni mwaka 2012, waandishi waliokuwa naye walichapisha picha yake ya simu ikiwa na namba za GPS za mahali nchini Guatemala ndani yake, na dunia nzima ikajua alipo. Tails ina zana ya kusafisha metadata. Itafute kati ya programu zake. Ukisafisha, kumbuka kwamba zana hiyo haigusi kilicho ndani ya waraka wenyewe: namba ya nakala pembeni, saini, jina lililosahaulika kwenye tanbihi. Hayo yasome kwa macho yako, ukurasa kwa ukurasa.

Mafaili unayotumiwa yana hatari yake pia. Mwaka 2013 FBI ilipanda msimbo kwenye tovuti kadhaa za siri, ukatumia tundu la usalama la Firefox, kivinjari ambacho Kivinjari cha Tor kimejengwa juu yake, kuwafichua waliokuwa na Kivinjari cha Tor cha zamani kwenye Windows. Kiraka cha tundu hilo kilikuwa kimetoka zaidi ya mwezi mmoja kabla, waliosasisha walisalimika. Hata Tails haikupona daima: katika kesi moja nchini Marekani dhidi ya mtu aliyewanyanyasa wasichana mtandaoni, ilikuja kujulikana kwamba tundu kwenye kicheza video cha Tails lilitumika kupata IP yake kupitia video aliyotumiwa. Alistahili kupatikana, lakini mlango ule ule ungeweza kutumiwa na mwajiri mwenye fedha dhidi yako. Kwa hiyo Tails ikikuambia kuna toleo jipya, lisasishe kabla ya kufanya kazi nyingine yoyote. Na nyaraka unazotumiwa usizifungue ukiwa mtandaoni. Zihifadhi, zima, washa Tails upya, na kwenye skrini ya mwanzo chagua kuzima mtandao kabisa. Hapo ndipo uzisome.

Tengeneza flashi ya pili ya akiba. Tails ina njia ya kunakili Hifadhi ya Kudumu. Iweke mahali tofauti na ile ya kwanza, pasipo pa kazini. Na jizoeze jambo moja hadi mkono ulifanye wenyewe: mtu akigonga mlango ghafla, chomoa flashi. Usihangaike kufunga madirisha. Tails itajizima na kufuta kumbukumbu ya RAM papo hapo. Faili ulilokuwa hujalihifadhi litapotea, na mara chache Hifadhi ya Kudumu yenyewe huweza kuharibika. Ile flashi ya pili ndiyo ya siku hiyo.